Mwanapunda mgonjwa: abaki na mama yake au atengwe?

Mtoto wa punda mwenye afya husimama saa moja au mbili baada ya kuzaliwa, kisha hutafuta titi. Asipofanya hivyo, muite daktari wa mifugo mapema. Lamu wana bahati, kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo tangu 1987. Kinachobaki ni mahali pa kumuuguzia.

Kumtenga kunarahisisha dripu na kumpa joto, basi. Mama asipokamuliwa maziwa hukauka, na mtoto akirudishwa huenda akamkataa. Isitoshe, mwanapunda aliyelelewa na watu pekee hukua msumbufu, akidhani binadamu ni wenzake wa kucheza mateke.

Mimi naegemea upande wa kumuacha kwa mama, hasa mama akiwa mpole. Huyo hukubali kukamuliwa huku akimnusa mwanawe. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga, ikamuliwe na kunyweshwa ndani ya saa 12 za mwanzo, maana baada ya siku moja utumbo haupitishi tena kinga. Mpe kidogo kidogo kwa chupa, kila saa moja au mbili, akiwa amelalia kifua, hajalala ubavu. Kama hana nguvu ya kufyonza, usimmiminie mdomoni: maziwa yataingia mapafuni. Hapo ni kazi ya daktari na mpira wake wa kupitishia maziwa hadi tumboni. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta mengi na sukari kidogo kuliko ya punda, hivyo si mbadala wa moja kwa moja.

Mama akiwa mkali, weka kizuizi cha mbao katikati, waonane na kunusana.