Ziara ya ngome za Outlander: nimetoa nyota tatu, mbili ni za vifuu

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko Makoroboi, Mwanza, na Outlander, tamthilia ya televisheni ya Scotland ya zamani, niliitazama kwa sababu ya magauni. Binti yangu anasoma Edinburgh. Nilipokwenda kumtembelea Juni akanikatia tiketi ya ziara ya siku moja ya ngome ilikochezwa, nami nikajua nakwenda kuona nguo. Sikuona hata uzi. Nasema mapema kwa sababu nina mteja wa Capri Point anayejiandaa kwenda na yeye: ngome ni mawe matupu. Wenye tamthilia walileta mapazia yao, mishumaa yao, wakarekodi, wakafungasha.

Kampuni siitaji. Gari lilikuwa mfano wa kosta zetu, viti safi, saa mbili kamili asubuhi tumeng'oka. Lakini tiketi kumbe ilikuwa ya usafiri tu! Viingilio tukavilipa wenyewe kila geti, na siku ya kulipa hakuna aliyetutajia. Baadaye ndiyo binti akagundua kwamba Doune, Linlithgow na Blackness zote ziko chini ya Historic Environment Scotland, shirika la serikali linalotunza majengo ya kale, na wana pasi moja ya kuingilia sehemu zao nyingi. Ulizeni hiyo pasi kabla hamjatoa hela.

Tulianzia Midhope, kwenye tamthilia ndiyo nyumba ya kina Jamie, yule shujaa wake. Mlango ni ule ule, ukiuona moyo unaruka. Basi, umemaliza. Ndani ni gofu, haingii mtu. Ni kama Jiwe la Bismarck, unapiga picha unaondoka, ila la kwetu halina hela ya maegesho.

Blackness iko ufukweni, imejengwa kwa umbo la meli, na wenyeji wanaitania kuwa ni meli ambayo haikuwahi kung'oa nanga. Nilicheka peke yangu. Mtu wa Mwanza hafundishwi habari za meli iliyolala bandarini. Linlithgow ni kasri alikozaliwa Malkia Mary wa Scotland mwaka 1542, likaungua 1746, na mpaka leo kuta zimesimama bila paa. Pembeni kuna maji wanayoyaita ziwa. Mimi nimezaliwa Nansio, Ukerewe, katikati ya Ziwa Victoria, kwa hiyo nilinyamaza kwa adabu.

Sasa Doune. Hapa ndipo hela yangu iliporudi. Ni ngome ya karne ya 14, ya Robert Stewart, aliyeitawala Scotland kwa niaba ya wafalme. Kwenye Outlander ndiyo Castle Leoch, ngome ya wajomba wa Jamie. Jikoni kuna meko ambayo ng'ombe mzima angeingia na pembe zake. Getini unapewa kifaa cha kusikilizia maelezo, na sauti ni ya marehemu Terry Jones, mmoja wa waongozaji wa Monty Python and the Holy Grail, filamu ya vichekesho ya mwaka 1975 iliyopigwa hapo. Kiswahili hakipo, kwa hiyo binti alikuwa akivua sikio moja na kunitafsiria. Anasema walinyimwa ruhusa ya ngome nyingine, basi hii moja wakaichezea pande zote mpaka ikawa ngome kadhaa. Na farasi hawakuweza kuwagharamia, kwa hiyo mashujaa wakatembea kwa miguu huku watumishi nyuma wakigonganisha vifuu vya nazi, ko-ko-ko, ndiyo mlio wa kwato.

Dukani pale wanakuazima vifuu. Nikavishika, vimekwanguliwa vizuri, nyuzi zote zimetolewa. Kwetu vingeshatiwa mpini vikawa upawa. Uani babu mmoja wa Kizungu alikuwa akivigonga kwa uso wa msiba kabisa, wajukuu wakimfuata kwa shoti. Nikaingia nyuma yao na kitenge changu ndani ya koti la binti. Mawe yale yanarudisha mlio vizuri mno.

"Mama, dereva ameshawasha gari!"

Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa. Doune tulipewa dakika hamsini, na ngazi zake za kujizungusha ni nyembamba, kwa magoti yangu dakika kumi ziliishia humo. Juu kabisa sikufika. Siku nzima barabarani, na mahali penye utamu tunasukumwa kama tunakimbizia kivuko cha mwisho.

Nikijaliwa tena nitakwenda Doune peke yake: treni mpaka Stirling, halafu basi la abiria. Linlithgow nayo ina stesheni yake, ni njia ya Edinburgh kwenda Glasgow, haihitaji ziara ya mtu.

Mama muuza nazi wa mlango wa pili nilimsimulia, akacheka mpaka akakaa chini, kesho yake akaniletea vifuu viwili. Ndimo ninamowekea vifungo.

Na wewe mteja wangu wa Capri Point, kama umesoma mpaka hapa: gauni lako liko tayari tangu Jumanne. Ongeza na koti zito, upepo wa kule haujui kama ni Juni.