RawTherapee na faili za RAF: nyasi zimerudi kuwa nyasi

Tatizo lilianzia kwenye nyasi.

Nilimpiga shangazi yangu picha ameketi chini, jua la jioni linamgonga ubavuni, kavaa sweta la kufumwa kwa mkono, mvi mbili tatu zimechomoza pembeni ya kilemba. Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri. Nikaja kuifungua ile RAW, faili ghafi ya kamera (kwa Fujifilm huitwa RAF), kwenye programu niliyoizoea kwa miaka, ya kulipia, inayojulikana, jina lake naliweka mfukoni. Nikanoa kidogo, yaani nikaongeza ukali wa picha, kama ilivyo kawaida yangu, nikakuza hadi asilimia 100. Lahaula! Nyasi zote nyuma ya shangazi zimegeuka minyoo.

Sitii chumvi. Vijimstari vifupi vilivyojikunjakunja, vimeshikana kichwa kwa mkia, vimetapakaa kila palipokuwa na jani. Sweta, ambalo ungeweza kuhesabu nyuzi zake, lilionekana kama limechorwa kwa brashi nene. Zile mvi zimeyeyuka kama nta. Siku mbili nzima nikailaumu lenzi: nikaifuta, nikaibadilisha, nikaenda kupiga nyasi nyingine. Minyoo ile ile. Ndipo nilipokumbuka kufungua JPEG iliyotoka pamoja na ile RAW, maana huwa napiga zote mbili kwa mpigo. Nyasi ni nyasi. Kumbe kamera iliona vizuri; aliyeharibu ni mkalimani, yaani programu.

Neno mkalimani nimelichagua kwa makusudi. Wengi hudhani RAW ni picha ambayo haijapambwa tu. Bado haijawa picha. Ni msururu wa namba, na kila pikseli ina namba moja ya rangi moja: nyekundu, kijani au bluu, kutegemea kichujio kidogo kilichokaa juu yake. Rangi mbili zilizobaki programu inazikisia kwa kuchungulia majirani. Hatua hiyo inaitwa demosaiki, na ndiyo maana faili moja ukiipeleka kwa programu mbili unaweza kurudi na picha mbili.

Kamera nyingi hutumia mpangilio wa vichujio aliobuni Bryce Bayer akiwa Kodak, hataza yake ikatoka 1976: vijisanduku vinne, viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha bluu, kisha inajirudia hivyo hadi ukingoni. Canon yangu ya zamani, EOS 600D, iko hivyo, na programu karibu zote zinaijua kazi hiyo kwa moyo. Lakini picha ya shangazi niliipiga kwa Fujifilm X-T20, na Fujifilm tangu X-Pro1 ya mwaka 2012 wana mpangilio wao wenyewe, X-Trans. (Si kamera zao zote. Zile za X-A na zile kubwa za GFX ni Bayer. Ukiwa nayo mojawapo, habari ya minyoo haikuhusu.) X-Trans hujirudia kila pikseli 6 kwa 6: kijani 20, nyekundu 8, bluu 8, na kila safu, ya kulala na ya kusimama, ina rangi zote tatu. Nia yao ilikuwa kupunguza yale mawimbi ya rangi za uongo yanayojitokeza kwenye vitambaa vya mistari myembamba, bila kuweka kichujio cha kulainisha mbele ya kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga. Wazo zuri. Kinachoponza ni kwamba mkalimani anapaswa kutazama mbali zaidi kabla hajakisia. Aliyezoea Bayer akikisia harakaharaka, halafu wewe ukaja juu yake na kunoa makosa aliyoyaacha, minyoo hiyo hapo.

Ndivyo nilivyohamia RawTherapee. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2010, na inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux. Nimekaa nayo zaidi ya mwaka sasa, na faili za kamera zangu hizo mbili.

Siku ya kwanza nusura niifute. Ukigusa kichupo kimoja kinazaa vingine vitano, na ndani ya kila kimoja kuna slaidi za kusogeza ambazo majina yake yanahitaji mtu akae akueleze. Hakuna anayekushika mkono. Lakini nilichokuwa nakitafuta nilikikuta kwenye kichupo chenye mambo ya RAW yenyewe, mahali ambapo programu yangu ya zamani ilikuwa imepafunga na kuficha ufunguo. Pale unaulizwa: nikisie vipi? Ukifungua faili ya Bayer unapewa orodha ndefu ya njia za kukisia, ile iitwayo AMaZE ikiwa imeshachaguliwa. Ukifungua RAF ya X-Trans orodha inabadilika yenyewe: kuna njia ya pito moja (programu inazipitia namba mara moja), kuna ya mapito matatu, na nyinginezo. Hizo za mapito ni kazi ya Frank Markesteijn, na zimo pia kwenye darktable, programu nyingine ya bure, na kwenye dcraw, ile programu ndogo ya Dave Coffin ambayo nyingi ya hizi za bure zimenyonya kwake.

Nikaileta picha ya shangazi, nikachagua mapito matatu. Hamna kilichobadilika. Nikakunja uso. Kumbe vifaa vya namna hii huvioni vikifanya kazi mpaka uitazame picha kwa ukubwa wake halisi. Unabonyeza herufi z tu. Nikabonyeza. Majani ya nyasi yakajitenga moja moja, lenye ncha na ncha yake, lililokatika na mkato wake. Kwenye sweta kila fundo limesimama peke yake, na karibu na kifundo cha mkono wa kushoto kuna uzi umechomoka na kujikunja kama ndoano, uzi ambao hata siku ile nikiwa nimesimama mbele yake sikuuona.

Nilitaka kunoa, tabia haina dawa. Kuna kifaa cha kunoa palepale kwenye kichupo cha RAW, kiliingia na toleo la 5.8 mwaka 2020. Kinafanya kazi mapema, mara tu demosaiki ikiisha, kikijaribu kurudisha ukali uliopotelea kwenye lenzi, na kipenyo chake kinajipimia chenyewe kutoka kwenye faili. Raha yake ni kitufe kinachokuonyesha ramani nyeusi na nyeupe: palipo peupe patanolewa, palipo peusi pataachwa. Shavu la shangazi lilikuwa jeusi tii isipokuwa mikunjo ya pembeni ya jicho. Sweta lote jeupe. Nyasi za mbali zilizofifia zina vumbi la nukta nyeupe. Nikapandisha kizingiti taratibu mpaka vumbi likatoweka. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nafanya nini miaka yote ile: nilikuwa nanoa chenga, zile punje za uongo zinazotapakaa kwenye picha.

Kwa upande wa Canon sina hadithi ya kusisimua. Nilichukua CR2 (RAW za Canon) kadhaa za 600D nikazipitisha kote kuwili, na kusema kweli tofauti ni ya kutafutwa kwa tochi. Kama kamera yako ni ya Bayer na unapiga kwenye mwanga mzuri, usihame kwa sababu ya demosaiki peke yake. Kwa picha za ISO kubwa, zile za mwanga hafifu, ndipo kuchagua kunalipa: AMaZE ikikutana na chenga nyingi huweza kuchora vijia vya uongo kama ramani ya mitaa, na njia za LMMSE au IGV zinatulia zaidi.

Rangi ni ugomvi mwingine. Zile sura za filamu (rangi zinazoiga filamu za zamani) ambazo watu wa Fujifilm tunazipenda hazimo ndani ya namba za RAF. Kamera inaandika tu kwamba ulichagua fulani, kisha inaipaka kwenye JPEG. Ndiyo maana ukifungua folda picha zinang'aa, halafu ukiifungua moja inafifia mbele ya macho yako: uliyoiona mwanzo ilikuwa JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili. RawTherapee ina kitufe, tangu 5.4 ya mwaka 2018, kinachoisoma hiyo JPEG ya ndani na kuchonga mkunjo wa toni, yaani mgawanyo wa mwanga na giza, unaofanana nayo. Kwangu hupatia mara nyingi. Kwenye ngozi hukaribia sana. Kwenye anga la jioni mimi huishia kulivuta kwa mkono.

Kitufe hicho kiliniokoa pia kwenye mtego ambao nimeona unawanasa wengi. X-T20 ina mpangilio wa DR400 wa kulinda sehemu zenye mwanga mkali zisiungue. Inachofanya ni kupiga RAW ikiwa na giza la stopu 2 (mwanga robo ya kawaida), kisha inainua vivuli kwenye JPEG. Ndiyo maana inakataa DR400 mpaka ISO ifike 800. Sasa ukiipeleka RAF hiyo kwa mkalimani asiyesoma alama hiyo, unaletewa picha nyeusi kama imepigwa ndani ya gunia, na unaanza kuishuku kamera. Siku hizi nikijua nitafanya kazi na RAW naiacha DR100, mwanga naupima mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja alinunua kamera mpya kabisa ya Nikon, ambayo RAW zake huitwa NEF, toleo la juu, akaniletea kadi kwa mbwembwe. Hakuna hata faili moja iliyofunguka. Akasema, "Si ndiyo ile ile NEF?" Hapana. Herufi za mwisho za faili hazisemi lolote kuhusu kilichomo. NEF inaweza kuwa haijabanwa, imebanwa bila kupoteza kitu, imebanwa kwa kupoteza kidogo, au imebanwa kwa ule mtindo mpya wa ufanisi mkubwa uliokuja na kamera ya Z9 mwaka 2021, na programu inayoisoma moja hailazimiki kuisoma nyingine. Canon nao walihama kutoka CR2 kwenda CR3 kwa EOS M50 mwaka 2018, na ndani ya CR3 mna ukoo mmoja na MP4 za video. Tuliingia kwenye menyu ya kamera yake, tukarudisha ule ubanaji wa kawaida usiopoteza kitu, akapiga picha ya viatu vyake, ikafunguka. Zile za zamani alizipitisha kwenye kigeuzi cha DNG cha Adobe, ambacho ni cha bure. DNG yenyewe, aina ya RAW isiyofungwa kwa kampuni moja ya kamera, Adobe waliitoa 2004 na huwa inasomeka kwingi.

Kuna ujanja mwingine wa wazee wa kazi, naueleza kwa sauti ya chini. Kamera mbili za ndugu mara nyingi zina kihisi kimoja, zimetofautiana jina tu. Ukitumia ExifTool, programu ya kuhariri maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kubadilisha jina la modeli kwenye nakala ya faili, nasema nakala, programu inaweza kuifungua ikidhani ni yule dada mkubwa. Rangi zitakuwa karibu sawa. Ndani ya RawTherapee kwenyewe kuna faili ya maandishi, camconst.json, yenye viwango vya weusi na weupe vya kamera nyingi, na unaweza kuihariri kama una subira. Nilijaribu mara moja, nikasahau mkato mmoja, nikapoteza jioni. Nimeacha.

Programu haiji na kila kitu. Haina katalogi ya kukutafutia picha kwa majina ya watu. Unatembea kwenye folda zako mwenyewe, na kila ulichokifanya kinaandikwa kwenye kijifaili cha pp3 kando ya picha. Mimi hilo nalipenda, maana nikihamisha folda kazi yangu inahama nayo. Anayepiga harusi nzima na kutakiwa kukabidhi kesho yake atachoka. Mapito matatu kwa kila picha huifanya feni ya laptopu yangu ivume kama inataka kupaa. Kwa hiyo picha za kutumiana kwenye simu nazitoa kama JPEG za kamera zilivyo, bila kuona haya. RawTherapee naiwekea zile za kuchapishwa, na zozote zenye majani, nywele au vitambaa.

Ya shangazi nimeichapisha kubwa, ukubwa wa mlango wa kabati. Nikampelekea. Akavaa miwani, akaisogelea, akaanza kuipitia kutoka chini kwenda juu, nyasi, sweta, ule uzi uliochomoka akaugusa kwa kidole. Alipofika usoni akanyamaza. Kisha akaniuliza ile programu ya mwanzo, iliyokuwa inalainisha, kama bado ninayo.