Uzoefu wangu: darubini ya Dobson ya inchi 8, kutoka paa la Dar mpaka giza la Singida

Kabla ya hii nilikuwa na darubini ndogo ya lenzi, kipenyo milimita 60, imesimama kwenye miguu mitatu myembamba. Boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Ukiigusa tu kurekebisha picha, mwezi mzima unatikisika. Ukiweka ile lenzi ya kukuza sana, huoni ila ukungu. Anayetaka kununua aijue hesabu hii: kukuza kunakofaa hakuzidi sana mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Milimita 60 zinakupa mara 120, tena hewa ikiwa imetulia. Zaidi ya hapo ni namba ya kuuzia boksi.

Julai 2024 nikaagiza Dobson ya inchi 8. Chapa siitaji, maana viwanda kadhaa vinatoa kitu kilekile: bomba lenye kioo cha milimita 203, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana kuwa picha) milimita 1200, limekaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka kama kiti cha ofisini. Haina mota wala miguu mitatu. Unaisukuma kwa mkono. Kitako hicho alikibuni John Dobson, ambaye alikuwa akitoa darubini zake hadi kando ya barabara za San Francisco ili wapita njia wachungulie. Alitumia vifaa rahisi makusudi, na ndiyo sababu mpaka leo pesa yako kubwa inakwenda kwenye kioo, siyo kwenye mapambo. Kioo cha ukubwa huu kinakusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya ule unaoingia kwenye jicho lililokwisha kuzoea giza. Kwangu hiyo ndiyo namba ya kutazama unaponunua.

Usafiri na kodi vilikaribia bei ya darubini yenyewe, kwa hiyo bajeti mapema. Ilifika ikiwa na skrubu moja pungufu na kona ya kitako imemeguka. Muuzaji alinijibu baada ya wiki tatu, nikiwa nimeshatafuta skrubu Kariakoo.

Nikiwa Dar juu ya paa, mwezi na sayari hazina shida. Mshtarii inaonyesha mikanda yake miwili na ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa wote, majirani walipanda mpaka nafasi ikaisha, na ule wekundu ndani ya lenzi ya kuchungulia ya milimita 25 sijauona tena kwenye picha yoyote. Lakini nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na makundi ya nyota, sahau. Taa za mji zinafuta kila kitu, na unyevu wa pwani unatua kwenye lenzi.

Wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa umeandama upya, nikaipeleka nyumbani Singida. Bomba nililaza kiti cha nyuma, nimelizungushia blanketi.

Barabara ya mwisho ni ya vumbi na makorongo, na vioo vilihama. Jioni hiyo nyota zilikuwa na mkia kama kimondo. Hili watu wengi hulichukulia kuwa ubovu, wakairudisha darubini dukani au kuitupa stoo. Ni kazi ya dakika kumi: unalenga nyota angavu, unaivuruga fokasi kidogo mpaka iwe duara lenye pete pete, kisha unageuza skrubu tatu za nyuma ya kioo hadi pete zote zishiriki kitovu kimoja. Mara ya kwanza nilitumia saa nzima. Sasa mkono umezoea. Pia uitoe nje mapema, kioo kipoe sawa na hewa, la sivyo picha inachemka.

Saa mbili usiku Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, ilikuwa imekatiza juu ya nyumba, upande wa makundi ya nyota ya Nge na Kausi. Nebula ya Lagoon, ambayo Dar sikuwahi kuipata, niliikuta kwa kusukuma bomba tu: wingu la kijivu limegawanywa na mstari mweusi. Tusidanganyane, rangi za kwenye picha huzioni kwa jicho. Unaona kijivu, ila kina umbo, kina kina.

Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilipochomoza kwenye saa tano nikamwita mama. Akasema kwanza ile methali, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ndipo akakaa kwenye kigoda na kuchungulia.

"Mwanangu, mbona zimepungua?"

Alikuwa na haki. Kwa lenzi ya milimita 25 darubini inakuza mara 48 (1200 gawa kwa 25), na uwanja wake, yaani kipande cha anga unachokiona, ni kama digrii moja. Kilimia ni kipana kuliko hapo. Nikamhamishia kwenye kile kidarubini kidogo cha kulengea kilicho ubavuni. Hapo kundi lote likamkalia machoni, na hakuondoka mpaka nilipomwomba apishe watoto. Ukinunua Dobson, tafuta na lenzi ya uwanja mpana, ya milimita 30 na kitu.

Udhaifu mwingine: Zohali mwezi ule ilipita karibu utosini kwetu baada ya saa sita, na huko juu kabisa kitako cha Dobson kinakuwa kigumu. Ukisukuma kidogo tu, sayari inatoka. Nililazimika kusubiri ishuke magharibi. Pete zilikuwa nyembamba mno, kwani Machi 2025 Dunia ilipita usawa wa pete hizo. Mtoto wa dada alisema ni shanga iliyochomwa sindano. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Mchana kifuniko hakitoki. Watoto wanapenda kugeuza bomba, na jua ndani ya kioo hiki linapofusha mara moja.

Kitu pekee kilichoniudhi kabisa ni kitako. Ni mbao za unga wa mbao, na ile kona iliyomeguka imenyonya umande wa Dar ikavimba. Nimempa fundi vipimo akate kipya kwa plaiwudi ya milimita 18. Mama ameshauliza kama kitakuwa tayari kabla ya Kilimia kuzama.