Nimezunguka Kariakoo kutafuta kamera ndogo ya kupigia picha za pasipoti saizi, nimerudi na Canon IXUS 185 isiyo na chaja

Kamera yangu ya dukani ilikufa Pasaka ya mwaka jana na aliyeiua ni mtoto wa kaka yangu. Alikuja na ile sauti yao ya kuombea vitu, "shangazi tunaenda tu Kigamboni mara moja, jioni nairudisha", na mi kwa ujinga wangu nikampa. Jioni akairudisha kweli, hakudanganya, ila imerudi na mchanga. Mchanga wa bahari ukishaingia kwenye zile pete za lenzi zinazotoka na kuingia, basi tena. Unaiwasha, lenzi inatoka nusu, inalia krrr, inakwama, skrini inakwambia lenzi ina hitilafu zima uwashe upya. Unazima, unawasha. Krrr. Fundi niliyempelekea akaifungua akasema hapo ni kubadilisha lenzi nzima na spea hana, akaifunga, na alivyoifunga hata ile krrr ikapotea. Elfu kumi na tano ya kufungua akachukua.

Sasa mi nina steshenari Tandika, natoa kopi, nachapa barua, na napiga pasipoti saizi. Hizo pasipoti saizi ndo zinanilipia kodi ya fremu, hasa Januari watoto wa form one wakitakiwa waende na picha shuleni. Kwa hiyo kamera kwangu siyo urembo.

Najua kuna mtu hapo anasema si utumie simu. Nimetumia simu miezi minane, ndo maana naandika. Kwanza simu ndo hiyohiyo ya miamala na ya wateja kunitumia mafaili, mtu amekaa kwenye stuli kanyoosha shingo, we simu inaita. Ila hilo dogo, shida yenyewe ni pua. Lenzi ya simu inachukua eneo pana, ili uso ujae inabidi umsogelee mtu karibu kabisa, na ukimsogelea hivyo pua inakuja mbele masikio yanarudi nyuma, sura inakuwa kama umejiangalia kwenye kijiko. Kuna mama mmoja aliishika picha yake, akaiangalia, akajiangalia kwenye kioo cha ukutani, akaniuliza "mwanangu, hii pua ni yangu kweli?" Akaondoka bila kulipa na sikumfuata, ningemwambia nini. Ukiwa na kamera yenye zumu ya kweli unasimama kama mita mbili huko, unavuta, sura inakaa kama Mungu alivyoiumba. Simu zenye lenzi ya ziada ya kuvuta zipo, sema bei yake kodi ya fremu ya mwaka.

Kwa hiyo nilikuwa nataka vitu vitatu tu. Lenzi inayotoka nje yenyewe kuvuta, flashi ile ya kupiga radi mara moja siyo kitaa cha LED kama tochi, na betri ambayo ikifa nitaipata hapahapa mjini. Bajeti laki mbili, chini ya hapo Alhamdulillah.

Megapikseli sikuziweka na nitakwambia kwa nini, maana hapo ndo watu wengi wanaliwa. Picha ya milimita 35 kwa 45 ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji nukta 413 kwa 531, piga hesabu mwenyewe, hata robo ya megapikseli moja haifiki. Ile ya albamu ya inchi 4 kwa 6 ni 1200 kwa 1800, megapikseli mbili na kidogo. Yani kamera yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita inakutosha na inabaki.

Hayo yote nilikuwa nayajua na bado nikapigwa. Siku ya kwanza nimeshuka Msimbazi hata barabara sijavuka winga, wale wa kuvutia wateja madukani, kashanidaka, "mama karibu, dada karibu", yani hajaamua mi ni nani yake, unatafuta nini, kamera? twende. Akanipandisha ngazi mpaka kwenye kafremu ka juu huko, likatoka boksi jipya linang'aa, limeandikwa 4K, megapikseli 56, zumu mara 16, elfu tisini na tano. Mpya kabisa! Jina la kampuni hata sikuwahi kulisikia, ila nilikuwa nimechoka, jua kali, miguu inauma, nikajisemea labda teknolojia imeshuka bei. Nimefika nyumbani lenzi haitoki, ni kioo kimegandishwa pale mbele. Hiyo zumu mara 16 ni kuikuza picha tu kama unavyokuza kwa vidole kwenye simu. Haipimi umbali wa kitu, flashi ni kitaa. Na hizo 56 sasa, inapiga picha ndogo halafu inaitanua yenyewe ndani kwa ndani, sawa na kuongeza maji kwenye uji halafu useme umepika mwingi. Nilimpiga mume wangu picha akaonekana kachorwa na rangi za maji. Kurudisha nirudishe wapi, risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Saivi mwanangu wa mwisho anapigia picha paka.

Siku ya pili nikasema hapana, naenda kwenye used tu. Kamera ndogo mpya za kampuni zinazojulikana saivi ni za kutafuta kwa tochi, simu zimeziua, nyingi unazoziona mjini ni used zilizotoka nje. Na usidhani ndo zinatupwa bure, maana vijana wamezirudia tena, wanasema zile picha za zamani zina mvuto wake na ile flashi ya usoni, kwa hiyo wauzaji nao wameshtuka bei wamepandisha.

Niliyoiona mwanzo ni Nikon Coolpix A10. Megapikseli 16, inavuta mara 5, inatumia betri zile za kawaida mbili za AA. Nikafurahi, nikaona betri nitakuwa nanunua kwa Mangi hapo jirani na dukani. Bahati muuzaji mwenyewe alikuwa nazo, akaweka zile za bei rahisi, kamera ikawaka, nikapiga moja, flashi ikawa inajijaza, ikazima. Akaweka nyingine mpya za hivyohivyo, vilevile. Zile betri zinafaa redio na saa ya ukutani, vitu vinavyokula kidogokidogo, kamera inataka moto mwingi kwa mpigo mmoja. Inabidi uwe na alkalaini au zile za kuchaji, ambazo nazo ununue na chaja yake, na Mangi hana. Nikaiacha.

Ya pili Sony W830, hii nilikuwa naijua kwa jina. Inavuta mara 8, ina kitulizo cha mkono ukitetemeka ndani ya lenzi kabisa, inachajiwa na waya wa USB, yani hata pawabenki inakufaa. Ningeichukua. Ila ilikuwa imetoka Japani na menyu nzima ni Kijapani, na Sony zilizotengenezwa kuuzwa kulekule huwa hazina lugha nyingine humo ndani, tumetafuta mpaka vidole vikauma. Kijana ananiambia "utazoea tu mama". Nizoee Kijapani umri huu. Alafu kitu kingine, betri ikiwa inachajiwa humohumo ndani ya kamera, kamera ndo imefungwa na waya, mteja amekaa unamwambia subiri?

Siku ya tatu ndo nikaiona IXUS 185 kwenye fremu moja ya chini, kwenye kabati la kioo katikati ya rimoti na redio za magari. Hii ni toleo la 2017, megapikseli 20, inavuta mara 8, nyepesi unaweza kusahau iko mfukoni. Nikafungua mlango wa betri kuangalia tu, nikakuta NB-11L. Moyo ukaruka! Ile marehemu yangu ilikuwa IXUS 145, na betri yake ni hiyohiyo NB-11L. Nyumbani nina betri mbili na chaja ya ukutani nzima. Nikakaza uso.

"Kaka hii bei gani?"

"Hiyo laki mbili na thelathini dada angu."

"Na chaja?"

Akakuna kichwa. "Chaja zake zipo nyingi tu, unatafuta hapo mtaa wa pili."

"Sasa mi leo nikifika nyumbani nichajie mate?"

Akacheka, akashuka laki na tisini. Nikarudisha kamera kwenye kioo taratibu, nikauliza bei ya rimoti. Akaniita mwenyewe. Tumemalizana laki moja na sitini na tano na kipochi juu, na neno la chaja nyumbani sikulitoa mpaka naondoka, Mungu anisamehe.

Ila kabla sijalipa niliikagua mpaka akachoka, na we ukienda fanya hivyo, usione aibu. Niliiwasha na kuizima kama mara kumi nimeiweka sikioni, lenzi nzima inatoka na mlio mmoja laini, ukisikia kama inatafuna kitu hiyo ina mchanga, achana nayo hata ikishuka bei vipi. Nikavuta mpaka mwisho nikarudisha. Nikapiga karatasi nyeupe tupu, nikaikuza kwenye skrini kutafuta madoa ya kijivu, maana vumbi likishakaa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, huwezi kulifuta kwa nje na kila picha itakuwa na hilo doa, mteja atadhani kaota chunusi. Nikapiga flashi mara nne mfululizo. Alafu nilikuwa na kadi yangu ya zamani tupu nimeenda nayo, nikaangalia picha ya kwanza inapewa namba gani, ikaandika mia sita na kitu, inakupa picha kamera imefanya kazi kiasi gani japo namba zikifika 9999 zinaanza upya, na mjanja anaweza kuzirudisha nyuma, kwa hiyo usiape nayo. Kasoro niliyoiona ni kilatchi cha mlango wa betri, kimelegea kidogo. Nimekipiga selotepu, steshenari si kazi yake hiyo.

Sasa kazini ikoje. Kwa pasipoti saizi, nzuri, sina la kusema. Navuta kidogo, nasimama karibu na mlango, mteja yupo ukutani, pua zimerudi mahali pake. Kwenye pazia jeupe mwanzoni nyuso zilikuwa zinatoka nyeusi kuliko mtu mwenyewe, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, na sisi weusi wetu huu ndo tunapotelea humo. Nikaingia kwenye P, ile hali ya kamera inayokuachia urekebishe mwanga mwenyewe, nikapandisha mwanga kidogo, uso ukafunguka. Kivuli cha flashi kwenye pazia nacho kilinisumbua wiki nzima mpaka nikahamisha stuli mbele, mtu akae kama hatua moja mbali na pazia, na kwenye flashi nikabandika kipande cha toilet pepa, safu moja tu. Wateja wanacheka wakikiona, wakiona picha hawacheki.

Mabaya yake yapo. Haina haraka, ukibonyeza inafikiria kwanza, kwa mtoto wa chekechea anayetingishika inabidi ubonyeze nusu ishike uso, usubiri atulie, ndo umalizie, na wengine hawatulii. Kitulizo cha lenzi haina, hiyo ipo kwenye ndugu yake IXUS 190 ambayo ina na Wi-Fi, ukiikuta bei inakaribiana chukua hiyo. Gizani bila flashi picha inajaa chengachenga. Video ni 720 tu, usiinunue kwa ajili ya kupiga video za send-off utagombana na bibi harusi. Skrini kwenye jua huoni kitu. Betri wenyewe wameandika picha kama 210, kwa flashi ya kila saa mi sifiki huko, ila kwa kuwa chaja ni ya pembeni moja inafanya kazi nyingine ipo ukutani, hata umeme ukikatika nusu siku tunasonga.

Wi-Fi haina na sikuihitaji, natoa kadi naingiza kwenye kompyuta basi. Ila kadi nayo angalieni, nilinunua ya GB 64 kwa elfu nane nikajiona mjanja, kumbe ndani ni ndogo imeandikwa tu uongo, ikijaa picha mpya zinaingia lakini hazifunguki. Kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw kinaijaza kadi yote na kuisoma tena, ndo kikaniumbua. Nimerudi kwenye GB 8 yangu ya zamani, kwa picha hizi haijai hata mwezi.

Januari nimepiga form one wa shule karibu zote za hapa kwetu, siku zingine foleni inafika kwa muuza chipsi. Mtoto wa kaka alikuja nae kupiga yake, akaishika, akaigeuzageuza, "shangazi hii kali kuliko ile". Saivi Pasaka inakaribia na ameanza kunipigia simu za kunijulia hali kila siku ya pili. Betri zote nalala nazo chumbani.