Kutembezwa vijiji vya Wahopi Arizona, simu acha kwenye gari

Jamani kama uko Marekani na unataka kuona ngoma za Wahopi, kabila la wenyeji wa asili wa huko, chukua mwongoza watalii mwenyeji, usijiendee tu kichwakichwa. Wetu ni Mhopi mwenyewe, akatupeleka Second Mesa, mlima wao wa juu bapa wenye vijiji, na akatuambia mapema kabisa hakuna picha, hakuna kurekodi, hata kuchora kwenye daftari marufuku, na ngoma za katsina, zile za roho zao takatifu, mara nyingi wageni hawaingii. Sisi tulibahatika ngoma ya kipepeo, Agosti. Weee! Wasichana wamevaa gauni jeusi la sufu, mkanda mwekundu, kichwani libao refu limepakwa rangi, hawacheki hawaongei, ni miguu na ngoma tu. Ila kilichonimaliza ni ule mshipi mweupe tuliooneshwa makumbusho, una nyuzi ndefu zinaning'inia, kumbe zile nyuzi ndo mvua yenyewe, na kwao wafumaji ni wanaume!

Kasoro ni saa. Wahopi hawasogezi saa mbele lisaa limoja kiangazi, Wanavajo, kabila lililowazunguka, wanasogeza, basi simu ikatuchanganya tukafika lisaa lizima kabla, tumekaa juani kama samaki wa kuanikwa. Mwongozaji angetuambia mapema bwana. Nyota nne.