Betri ya haibridi imechoka: ipi ununue, ipi uiache

Betri kubwa ya gari la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme, ndiyo kipuri kinachowatisha wanunuzi kuliko vyote, na hofu hiyo ndiyo inayowaponza. Taa ya tahadhari ikiwaka, mmoja hukimbilia ya bei ya chini kuliko zote, mwingine hutoa pesa nyingi kubadilisha betri ambayo haijafa. Betri nimezipanga hapa kwa kipimo kimoja: kila mwaka utakaoendesha gari utakugharimu kiasi gani. Bei ya siku ya kununua peke yake haikuambii hilo.

Pima kwanza

Chukua Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, maana mafundi wengi wamejifunzia humo. Betri yake ina moduli 28, yaani vipande vinavyoweza kutolewa kimoja kimoja, na kila moduli ina seli 6 za volti 1.2. Hizo ni seli 168, zimeungwa moja baada ya nyingine hadi kufikia volti 201.6. Toyota Aqua ina moduli 20 na volti 144. Kwa kuwa umeme hupita seli zote kwa mfuatano, seli moja ikifa mzigo huelemea zilizobaki, na kompyuta ya gari hulalamika.

Malalamiko hayo mara nyingi huja kwa msimbo P0A80, unaosema betri ibadilishwe. Usiuamini peke yake. Kwenye Prius hiyo kompyuta husoma moduli mbili mbili, yaani makundi 14. Mwombe fundi akuonyeshe volti za kila kundi kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, gari likiwa linapanda mlima au limekanyagwa mafuta kwa nguvu, si likiwa limesimama tu. Kundi lenye afya hukaa karibu na wenzake. Likishuka chini yao kwa zaidi ya volti moja na kubaki hapo, kuna seli iliyokufa, kwa sababu seli moja ndiyo volti 1.2.

Lakini angalia na haya: betri ndogo ya volti 12 ikichoka huweza kuwasha taa za ajabu kwenye dashibodi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vikiota kutu ya kijani, vipimo huyumba hata kama seli ni nzima, na kuvisafisha ni gharama ndogo sana. Halafu kuna feni. Betri hizi hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi, nywele na manyoya ya mbwa hujaa humo, betri inachemka, na joto ndilo adui yake mkubwa. Nasisitiza feni kwa sababu mtu akiweka betri mpya juu ya feni iliyoziba, ameanza kuiua siku hiyo hiyo.

Umri? Marekani, Toyota ilikuwa ikitoa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia magari ya mwaka 2020 ikapanda hadi miaka 10 au maili 150,000. Mtengenezaji hatoi dhamana ndefu kwa kitu anachotarajia kife mapema, na betri nyingi huvuka umri huo. Siri ni kwamba kompyuta haiziachi zijae kabisa wala kuisha kabisa. Huzizungusha takriban kati ya asilimia 40 na 80. Gari lililoegeshwa miezi mingi bila kuwashwa huweza kuwa na betri mbovu kuliko lililotembea kila siku, kwa sababu betri za nikeli kama hizi hujiishia chaji zenyewe zikikaa.

Ya kwanza: mpya ya mtengenezaji wa gari

Kama unataka kukaa na gari miaka mitano au zaidi, usihangaike kutafuta kwingine. Seli zote zina umri mmoja, zimepimwa pamoja, na kompyuta ya gari iliundwa kwa ajili yake. Bei yake ni ya juu, ila mara nyingi hupungua ukirudisha betri kuukuu, kwa sababu nikeli iliyomo ina thamani. Uliza tarehe ya kutengenezwa: betri mpya iliyokaa ghalani miaka mingi si mpya tena.

Ya pili: mpya ya kampuni nyingine

Hizi ni za nikeli vilevile, ila seli zake hazikutoka kwa mtengenezaji wa gari. Baadhi ni za mviringo, zimepangwa ndani ya kasha la umbo lile lile. Nzuri hukaribia ya kwanza kwa bei ya chini. Mbaya huanguka mapema, na kwa macho hutazitofautisha. Kwa hiyo unanunua dhamana zaidi ya kununua betri. Soma inasemaje kuhusu teksi na magari ya biashara, maana wengi huyatenga, na uliza nani atalipa ufundi betri ikifa ndani ya muda.

Kuhusu za lithiamu zinazouzwa kuchukua nafasi ya nikeli: ni nyepesi na zina nguvu, lakini kompyuta ya gari bado inaamini inachaji nikeli. Lazima ziwe na mfumo wao wa kulinda kila seli. Kama muuzaji hawezi kukueleza ulinzi huo unafanya kazi vipi, achana naye, kwa sababu lithiamu ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto.

Ya tatu: ya mtumba kutoka gari la ajali

Hapa unacheza bahati nasibu kuliko wauzaji wanavyokiri. Tafuta iliyotoka kwenye gari la miaka ya karibuni kuliko lako. Moduli za Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, mafundi huzipandisha kwenye kasha la kizazi cha pili. Taka kuona mwaka wa gari ilikotoka na vipimo vya kila kundi chini ya mzigo. Muuzaji anayekuonyesha volti za betri iliyolala mezani hajakuonyesha kitu, kwani hata moduli iliyochoka husoma vizuri ikiwa haifanyi kazi. Chaguo hili linamfaa anayetaka kuuza gari ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Ya nne: iliyofumuliwa na kupangwa upya

Fundi anafumua betri, anachaji na kumaliza chaji ya kila moduli mara kadhaa, anapima uwezo wake, kisha anapanga zinazolingana. Ikifanywa kwa uaminifu ni kazi ya siku kadhaa. Ukiambiwa njoo baada ya saa mbili, hilo halikufanyika.

Ya mwisho: kubadilisha moduli moja

Ndiyo inayouzwa sana, na ndiyo ninayoomba watu waikwepe. Moduli moja imekufa, 27 zilizobaki zina umri ule ule na zimepitia joto lile lile. Ukiingiza yenye nguvu katikati yao ni kama kumfunga maksai kijana jembe moja na wazee: hawaendi mwendo mmoja, na baada ya muda mfupi mwingine analala. Unarudi gereji, unalipa tena kufungua na kufunga, taa inawaka tena. Jumlisha malipo hayo na utakuta umeikaribia bei ya betri ya pili kwenye orodha hii. Ifanye tu kama lazima gari litembee leo, na fedha nyingine haipo.

Siku ya kufunga

Usijaribu mwenyewe. Hata plagi ya usalama, ile inayokata umeme wa betri, ikichomolewa, moduli zenyewe bado zina umeme wa kuua. Fundi wa kweli huvaa glavu za kuzuia umeme, na baada ya kuchomoa plagi husubiri kama dakika 10 kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa. Usipoona hayo, chukua gari lako uondoke.

Mwambie asafishe feni na njia yake ya hewa, na abadilishe vipande vya shaba vilivyoliwa na kutu. Kisha endesheni pamoja, mpande mlima skana ikiwa imewashwa, na umalize kulipa baada ya kuona makundi yote yanashuka na kupanda kwa pamoja. Piga picha ya vipimo hivyo. Ukihitaji kudai dhamana, ndiyo ushahidi wako.