Kava au kasha? Cha kubebea amplifaya ya gitaa kwa wapigaji wa Tanga

Mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz unajua thamani ya gitaa linalosikika safi, kwa hiyo inauma kuona amplifaya nzuri ikifia njiani: nyuma ya kirikuu kwenda Pangani, ndani ya bajaji mvua za masika zikipiga, au mikononi mwa kijana aliyeambiwa abebe bila kuonyeshwa pa kushika. Kabla ya kutoa hela, jibu maswali mawili. Nani ataibeba? Itapanda chombo gani?

Nasisitiza hilo kwa sababu ya uzito. Amplifaya ya Fender Blues Junior ina kilo 14 hivi, mtu mmoja anatembea nayo. Roland JC-120 ina kilo 28, na Fender Twin Reverb 29. Sasa itengenezee JC-120 kasha la plaiwudi ya milimita 9, lenye kona za chuma, makomeo na magurudumu: kasha tupu litakaribia kilo 20. Jumla ni karibu 50, na ukumbi uko ghorofani. Kinga inayowashinda wabebaji itaachwa nyumbani, na amplifaya itasafiri uchi.

Namba 1: kava nene lenye ubao mbele

Kwa amplifaya ya kilo 20 kushuka chini, inayokwenda harusini kwa bajaji au kwenye buti ya teksi, hakuna kinachofaa zaidi. Sponji isipungue sentimita 1. Sehemu dhaifu ni upande wa spika, kwani nyuma ya kile kitambaa kuna koni ya karatasi, na mguu mmoja wa stendi ya maikrofoni unatosha kuitoboa. Mwambie fundi ashone mfuko upande huo, utie kipande cha plaiwudi. Wanaoshona viti vya magari na maturubai wanaiweza kazi hii vizuri. Mpelekee amplifaya yenyewe, usimpe vipimo vya karatasi, maana mpini, swichi na miguu ya mpira ndivyo vinavyosahaulika. Mikanda ya kubebea ipite chini ya kava mpaka upande wa pili. Iliyoshonwa ubavuni tu itang'oka. Kava halihimili kubanwa, kwa hiyo spika la besi lisikae juu yake.

Namba 2: kasha la seremala, mtindo wa kofia

Hili ni la bendi yenye gari lake na amplifaya nzito, hasa ya vali, yaani ile mirija ya kioo inayokuza sauti. Chini kuna trei yenye magurudumu, juu kuna kofia inayonyanyuliwa na kuwekwa pembeni. Amplifaya inabaki kwenye trei, hakuna anayevunjika mgongo kuitoa.

Mahali pa kuwa mkali ni sponji. Fundi wengi watakuwekea ya godoro kwa kuwa iko karibu. Ikatae. Kilo 28 zitaibonyeza mpaka ilale, amplifaya ianze kucheza ndani, na ikilowa inakaa na maji. Dai ile ngumu, ya jamii inayotengenezewa ndala, unene wa milimita 25 kila upande. Magurudumu yawe ya mpira, ya milimita 100, mawili yenye breki, yafungwe kwa bolti na nati. Skurubu za mbao hulegea kwa mtikisiko. Na vishikio viwe imara, kwa sababu kwenye mchanga wa ufukweni gurudumu halikusaidii chochote.

Wenye vali, subirini ipoe kabla ya kufunika. Nyuzi zilizo ndani ya vali yenye moto huumia kwa mtikisiko kirahisi zaidi kuliko zilizopoa.

Namba 3: flaiti kesi (kasha gumu la safari) ya kuagiza

Ni imara kweli, lakini bei na usafirishaji vinaipandisha mno. Nunua ikiwa unapanda ndege au unakodisha vyombo kwa watu usiowajua. Iwe ya modeli yako hasa. Inayodaiwa kuenea kila amplifaya itaacha nafasi, na nafasi ndiyo inayoua.

Namba 4: kasha la plastiki la raki

La vichwa vya amplifaya, yaani visivyo na spika ndani, vya kufunga kwenye raki (fremu ya kupangia vyombo) ya inchi 19 tu. Yenye spika ndani yake haihusiki.

Namba 5: boksi la dukani na blanketi

Safari moja, kutoka dukani hadi nyumbani. Basi.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo muuzaji wa mbali hatakwambia: hewa ya chumvi. Amplifaya iliyofungiwa kashani wiki nzima baada ya shoo ya ufukweni huota kutu kwenye skurubu na tundu za waya. Ukifika nyumbani ifungue, ifute, iache ipumue, ndani ya kasha weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe vikichoka.

Siku ya kuchukua mzigo kwa fundi, nenda na amplifaya na mtu mwingine mmoja. Ifungieni, inyanyueni, itikiseni. Ukisikia inagonga ndani, salio libaki mfukoni mpaka sponji iongezwe.